Ufadhili wa Kibofu katika Jamhuri ya Stahamala

Bi Havijawa, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, anaapa kwa mkono wake wa kulia, mkono ule ule anaogeuzia vitumbua, kwamba mambo yote yalianza siku balozi alipoinuka kwenye kiti. Anasema alikuwepo. Alikwenda uwanjani kufanya biashara Siku ya Kushukuru Uvumilivu, akajibanza nyuma ya nguzo, akaona kila kitu kwa macho yake mawili.

"Mlezi Mkuu yuko pale anahutubia," anasema. "Amefika kwenye kuzaliwa kwake. Si unajua, hapo ndiyo kwanza anasafisha koo. Mara namwona yule balozi wa nchi ya baridi, mrefu kama mlingoti, anainuka. Anainuka, Sikudhani! Na Mlezi Mkuu kakaa! Nikasema leo vita. Mkuu wa Itifaki akamrukia, akamkamata koti. 'Mheshimiwa Balozi, unakwenda wapi?' Na yeye, bila haya, mbele za wake za watu, akajibu, 'Chooni.' Basi mwanangu, uwanja mzima ulisema haa! Akina mama wakawaziba watoto masikio."

"Halafu?" aliuliza Sikudhani, ambaye hadithi hiyo alishaisikia mara nyingi, na kila mara aliikuta imenenepa kidogo.

"Halafu akakalishwa. Akaambiwa asubiri, Mlezi Mkuu hajatoka. Akawa mwekundu. Akawa zambarau. Alipofika rangi ya bilinganya, akaanguka puu! Wakambeba kwa machela mpaka hospitali, na walipomtia mpira wa kutolea mkojo, nasikia zilijaa ndoo mbili."

"Ndoo mbili haiwezekani, Bi Havijawa. Kibofu cha binadamu ni kidogo."

"Wewe ulikuwepo?"

Sikudhani hakuwepo. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne tu, na katika Jamhuri ya Stahamala mtu aliyesoma hambishii mtu aliyekuwepo.

* * *

Msomaji ambaye hajafika Stahamala huenda akauliza, kwani mtu akibanwa na haja ndogo, si anakwenda tu? Hilo ni swali la mtu aliyelelewa ovyo. Stahamala ni nchi ya adabu, na adabu yake ya kwanza ni hii: mdogo hatoki kabla ya mkubwa wake.

Asubuhi Mlezi Mkuu, mtawala wa nchi, anapokwenda, king'ora hulia na redio hutangaza, "Ndugu wananchi, Mlezi Mkuu ametoka, na amerudi salama." Hapo mawaziri huenda, wakitanguliana kwa ukubwa wa wizara. Wakirudi, makatibu. Wakirudi makatibu, wakurugenzi. Ruhusa inashuka hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka imfikie mfagizi wa barabara, ambaye kwa kawaida inamkuta jua limezama na yeye kalala ubavu anaomba dua. Shuleni huanza mwalimu mkuu, kisha walimu, kisha viranja, kisha watoto kwa mpangilio wa herufi. Ndiyo maana Stahamala ina Abasi wengi kuliko mbuzi, na kina Zuberi wote ni watu wapole, wenye macho ya mbali.

Na Mlezi Mkuu huhutubia akiwa amekaa. Alijaribu kusimama mara moja tu, zamani, akiwa bado mgeni kwenye kazi. Watu wakadhani anatoka. Waliokanyagwa siku ile mpaka leo wanachechemea.

Kwa adabu hiyo nchi ilipata amani kubwa, na pia ilipata wagonjwa. Wodi zilijaa watu waliovimba matumbo, figo zimechoka, mkojo umegoma. Wizara ya Afya ililichunguza jambo hilo kwa makini, ikagundua kwamba linasababishwa na mihogo. Mihogo ikapigwa marufuku. Wagonjwa wakaongezeka. Wizara ikasema hao ni wale waliokula mihogo kwa siri.

Balozi alipopata nafuu, badala ya kukasirika kama watu wa kwao wanavyokasirika, alitoa zawadi. Nchi yake ingefadhili utafiti wa mwaka mzima kwa mwanafunzi mmoja wa udaktari anayependa kusomea magonjwa ya njia ya mkojo, yaani figo, kibofu, tezi dume na majirani zao. Mwanafunzi huyo angepewa wodi, dawa na vifaa. Sharti lilikuwa moja: wagonjwa watakaoingizwa kwenye utafiti waachwe waende haja wanapobanwa, na wasiguswe na mtu yeyote.

Wizara ilikubali sharti hilo bila kulisoma, kama ilivyo desturi ya wizara yenye adabu.

* * *

Sasa, baba yake Sikudhani, Koplo Ndaro, alikuwa askari wa Kikosi cha Kusimama. Kazi ya kikosi hicho imo kwenye jina lake. Wenzao wa vikosi vingine hupigana, hujenga madaraja, huiba ng'ombe mpakani. Wao husimama nyuma ya Mlezi Mkuu anapohutubia, kifua mbele, macho mbele, mpaka hotuba iishe. Koplo Ndaro alisimama ujana wake wote. Siku moja, baada ya hotuba ya Siku ya Mti, alirudi nyumbani, akaenda uani, akasimama tena, na hakikutoka kitu.

Hospitali walimtia mpira, wakamfungia na mfuko wake pajani, ndani ya suruali. Akapona siku ile ile. Tena alipona kupita kiasi.

"Siku, mwanangu," alimwambia bintiye jioni moja, akiwa amekaa kibarazani kama sultani. "Leo nimeisikiliza hotuba. Yote! Miaka yote hii nilikuwa sisikii kitu, nilikuwa nasikia kibofu tu. Unajua kumbe Mlezi Mkuu ana kaka?"

"Anasemaje juu yake?"

"Anasema alikufa kwa ajali. Lakini anavyosema, mh!"

Kilichomponza Koplo Ndaro ni kutabasamu. Kwenye gwaride, saa ambayo wenzake wote walikuwa wameuma meno na machozi yanawalenga, yeye alionekana anatabasamu, na hata kutikisa kichwa pale hotuba ilipokuwa tamu. Kanali wake akaona hapa pana uhaini. Wakampekua, wakaukuta mfuko.

Shtaka lilisomwa mbele ya kikosi kizima: "Kutoka bila ruhusa, mfululizo, hadharani, mbele ya Mlezi Mkuu, hali akiwa wima." Wazee wa kikosi walisema hawajawahi kusikia kosa zito kama hilo likifanywa na mtu mmoja. Hukumu ikawa kwamba Jumatatu mpira utolewe, na Koplo arudi kuvumilia kama Mstahamala mwenzao.

Sikudhani alikwenda kwa Kanali mwenyewe kumlilia.

"Afande, mpira ukitoka, mkojo utaziba. Ukiziba, figo zitaharibika. Baba atakufa."

"Atakufa kwa nidhamu," alisema Kanali kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu ruhusa ya siku ile ilikuwa bado haijafika kwa makanali.

Ukabaki mlango mmoja. Mgonjwa wa utafiti haguswi. Sikudhani akipata ule ufadhili, jina la kwanza wodini litakuwa la Koplo Ndaro, na mpira wake utabaki mahali pake. Asipoupata, kuna Jumatatu.

"Usijitese, mwanangu," baba alimwambia. "Nimeishi. Nimesikia mpaka hotuba."

"Baba, nyamaza, kunywa maji yako."

Akayanywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anakunywa maji bila hofu.

* * *

Waombaji walikuwa watano. Walisailiwa na kamati iliyoongozwa na Waziri wa Afya, Mheshimiwa Dakta Kibwana Tegemeo, ambaye udaktari wake alipewa na chuo alichokifungua mwenyewe, siku ile ile, kabla utepe haujaanguka chini. Kamati ilikuwa na tatizo dogo. Wajumbe wake walikuwa watu wa heshima, na hakuna aliyeweza kuutamka mkojo wala kibofu mbele ya mwenzake. Wakakubaliana kusema "kile chombo" na "yale mambo."

Aliitwa kwanza Abasi, mpwa wake Waziri, kijana mtanashati aliyeomba ufadhili kwa sababu alisikia mambo ya balozi huwa hayakosi safari.

"Kijana," alisema Waziri, "binadamu ana figo ngapi?"

Abasi akafikiri. "Inategemea ukubwa wa familia, mheshimiwa."

"Jibu pana!" alisema Waziri, na wajumbe wote wakaandika kwamba jibu lilikuwa pana.

Akaitwa Sikudhani. Akaamkia, akaitikiwa, akaulizwa anataka kutafiti nini.

"Nataka kujua kwa nini watu wetu wanaziba, mheshimiwa."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona ni kwa sababu hawaendi."

"Hawaendi wapi?"

"Chooni."

Mjumbe mmoja aliangusha kalamu. Mwingine akaangalia kama dirisha limefungwa. Waziri alitoa leso, akajifuta paji la uso, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka kwenye kabati la vyombo, "Binti, unajua hili ni jengo la serikali?"

"Samahani, mheshimiwa. Hawaendi kule, kwa ajili ya yale mambo."

"Afadhali."

Mambo yakawa magumu. Kumchagua Abasi waliogopa balozi atacheka. Kumchagua Sikudhani waliogopa atasema neno lile tena, pengine kwenye redio. Ndipo Waziri alipopata wazo ambalo baadaye hakuna mjumbe aliyekubali kwamba alilipigia makofi.

"Waheshimiwa," alisema, "fundi viatu anaweza kutembea peku? Mwalimu wa kuogelea anaweza kuzama? Basi na mtaalamu wa kile chombo, chombo chake mwenyewe kiwe cha mfano! Tuwaweke uwanjani, tuwanyweshe chai, tuwakalishe. Atakayeinuka ameshindwa. Atakayebaki wa mwisho kwenye kiti, huyo ndiye bingwa, huyo ndiye mtafiti!"

Wakapiga makofi.

* * *

Hapo pangekuwa na unafuu, lakini Stahamala hakuna shindano lisilo na Mlezi Mkuu. Si kwamba anapenda. Watu ndio wanamlazimisha. Mwaka uliopita peke yake alishinda mbio za magunia, kusuka ukili, na tuzo ya mtoto mwenye afya bora. Waziri alipokwenda kumwarifu kuhusu shindano la kukaa, alijikuta, kwa mazoea ya ulimi, amesema, "Na bila shaka wewe, mheshimiwa, ndiwe namba moja."

Mlezi Mkuu alifurahi. Kukaa ilikuwa ndiyo fani yake hasa.

Kwa kuwa ufadhili ulikuwa wa wanafunzi wa udaktari, chuo kikuu kilimwandikisha mchana ule ule, moja kwa moja mwaka wa nne. Miaka mitatu ya kwanza ilihesabiwa kuwa aliimaliza akiwa njiani kwenda chuoni. Alivishwa koti jeupe lenye nishani.

Siku ya Jumamosi uwanja ulifurika. Viti sita vilipangwa mbele, kimoja cha dhahabu na vitano vya plastiki. Nyuma ya kile cha dhahabu kilijipanga Kikosi cha Kusimama, na ndani yake Koplo Ndaro, akitumikia gwaride lake la mwisho na mpira. Balozi naye alikuwepo, safari hii amejiandaa: hakutia kitu kinywani tangu juzi yake.

Kila mshindani alipewa birika la chai ya rangi, akanywa mbele ya watu mpaka tone la mwisho. Mlezi Mkuu aliliangalia birika lake, akaangalia ya wale wanafunzi, akauliza kwa sauti, "Mimi na hawa watoto tunywe sawa?" Akaletewa mabirika mawili na madafu matatu. Akayamaliza yote, akapangusa mdomo, na uwanja ukapiga vigelegele.

Waziri akashika kipaza sauti, akiwa kwenye kiti chake.

"Mlezi Mkuu! Mwanafunzi Namba Moja! Bwawa la Taifa Lisilovuja! Wengine wana kile chombo, wewe una hazina! Wengine wanavumilia, wewe ndiwe uvumilivu wenyewe umevaa koti! Tunajua umeshashinda. Kama utapenda tukutangaze sasa hivi, watu waende..."

"Hakuna kunitangaza!" alinguruma Mlezi Mkuu. "Mimi sijawahi kushinda kwa kupendelewa. Nitashinda kwa kibofu changu mwenyewe!"

Neno lilikuwa limetoka, tena kwenye redio, tena kwa kinywa kikubwa kuliko vyote. Kamati nzima ikashusha pumzi. Kuanzia dakika ile kibofu kikawa neno la serikali, na wajumbe wakaanza kulisema kwa zamu, "Kibofu, kibofu," kama watu waliofunguliwa pingu.

Shindano likaanza, na ili watu wasichoke kumtazama mtu amekaa, Mlezi Mkuu akaanza hotuba.

* * *

Sikudhani alikuwa binti mtulivu, mwenye macho. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu ameibana, akawaza vitu vikavu tu: chaki, unga wa muhogo, kiatu cha babu. Hakuwatazama wenzake usoni. Alitazama miguu. Miguu ya Abasi ilikuwa ya kwanza kusema ukweli. Ilianza kugongana kwenye magoti, ikawa inakanyagana, mwisho ikawa inacheza ngoma yake yenyewe.

Mlezi Mkuu akiwa hajafika hata kwenye kunyonya kwake, Abasi alipiga kelele.

"Nimeshindwa! Jamani nimeshindwa! Nakubali kwa hiari yangu!"

Akataka kuinuka. Mikono miwili ya Mkuu wa Itifaki ikamkandamiza mabegani.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeshindwa, afande! Si anayeinuka ndiye aliyeshindwa?"

"Na Mlezi Mkuu ameinuka?"

"Hapana, lakini..."

"Yaani wewe unataka kutoka kabla ya Mlezi Mkuu? Unataka kupindua serikali?"

"Sasa nitashindwa vipi?"

"Shindwa ukiwa umekaa."

Abasi akashindwa akiwa amekaa. Maji yakapita chini ya kiti cha plastiki, yakachukua njia yao taratibu kuelekea jukwaani. Kamati ikainamiana, ikanong'ona, ikatoa uamuzi: sheria inasema atakayeinuka, na huyu hajainuka. Kilichotoka ni chai. Mshindani bado yumo, aendelee. Abasi akaendelea, na ndiye pekee kati yao aliyeonekana kuwa na raha.

Hapo ndipo akili ilipowajia watu, polepole, kama harufu ya kitu kinachoungua jikoni. Ilianzia kwa Mkuu wa Itifaki, ikapita kwa Waziri, ikatembea safu kwa safu. Hawa vijana hawawezi kuinuka, kwa maana mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Mlezi Mkuu hawezi kuinuka, kwa maana akiinuka ameshindwa, na hajawahi kushindwa. Na mpaka yeye ainuke, haendi waziri, haendi katibu, haendi mkurugenzi, hatoki mtu uwanjani, haendi mtu nchi nzima, kuanzia mpaka wa kaskazini hadi mpaka wa kusini. Taifa lote limekaa juu ya kibofu kimoja.

Waziri alimtumia ujumbe: tukutangaze? Mlezi Mkuu akatikisa kichwa kwa uchungu. Alishasema hakuna kumtangaza, na redio ilikuwa ikilirudia neno hilo kila baada ya wimbo.

* * *

Hotuba ilianza kubadilika. Waliozoea hotuba za Mlezi Mkuu waligeukiana. Utoto wake, ambao huchukua asubuhi nzima, uliisha kwa pumzi tatu. Vita vya ukombozi aliviruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "Tukapigana, tukashinda, nikaoa," alisema, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine. Miaka ishirini ya maendeleo ikapita katika sentensi moja, nayo haikuwa na mwisho. Kisha hotuba ikafika leo. Haikuwa imewahi kufika leo. Mlezi Mkuu akatazama mbele, akakosa cha kusema, akaanza kuimba chini chini, midomo imefungwa.

Sikudhani akamtazama kama walivyofundishwa kumtazama mgonjwa. Jasho juu ya mdomo. Kidole cha mguu kinagonga sakafu. Mkono umeshika ukingo wa kiti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Huyu, alijisemea, si chai peke yake. Huyu ana tezi dume iliyovimba. Ana tezi kama ya baba.

Mlezi Mkuu alimwita Mkuu wa Itifaki kwa jicho. Walinong'ona, lakini kiti cha Sikudhani kilikuwa karibu.

"Nitokeje bila kutoka?"

Mkuu wa Itifaki alikuwa mtu wa kazi yake. Akafumba macho, akafumbua. "Mheshimiwa, mtu aliyepewa ruhusa na mkubwa wake hahesabiwi kuwa ametoka. Anahesabiwa kuwa ametumwa. Akirudi, anakalia kiti chake, na shindano linaendelea."

"Basi niruhusu."

"Mimi ni mdogo wako, mheshimiwa."

"Waziri?"

"Mdogo wako."

"Jeshi lote?"

"Wadogo zako, mheshimiwa, wote kwa pamoja."

Mlezi Mkuu akamgeukia mkewe. Mke wake alikuwa akitazama mawingu. "Mimi nilikuomba nitoke kwenye harusi ya dada yangu," alisema, "ukaniambia bado kidogo."

"Sasa mkubwa wangu mimi ni nani?" Sauti ya Mlezi Mkuu ilikuwa imekatika katikati. "Hivi nchi nzima hii sina mkubwa?"

Mkuu wa Itifaki alijikuna shingo. "Yupo, mheshimiwa. Katiba inasema wakubwa wa nchi hii ni wananchi. Tuliliweka neno hilo kwa ajili ya wageni."

Mlezi Mkuu alinyanyua macho, akawatazama wananchi. Ilikuwa kama mtu aliyeishi kwenye nyumba miaka mingi na leo ndiyo kwanza anaona ina dari.

Sikudhani alielewa kabla ya wengine. Watu wakisema ndiyo, mzee ataenda, atarudi mwepesi kama unyoya, atakaa kwenye kiti cha dhahabu hata mpaka wiki ijayo, na wao watano watajaa mpaka wapasuke. Ufadhili utakuwa wake, na Jumatatu watamjia Koplo Ndaro. Wasiposema, mzee atainuka bila ruhusa, na akiinuka ameshindwa kama mtu yeyote. Hawa wanne watamfuata mbio kama vifaranga, na yeye Sikudhani anahitaji kuvumilia dakika moja tu peke yake. Dakika moja alikuwa nayo. Aliipima. Ilikuwepo, lakini haikuwa na dada yake.

Mlezi Mkuu akavuta kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapendwa, mnaonipenda. Mimi Mlezi Mkuu wenu, Amiri wa Majeshi yote, Mkulima wa Kwanza, Mtoto Mwenye Afya..."

Watu wakapiga makofi kwa mazoea.

"...nawaomba ruhusa. Nitoke kidogo."

Makofi yakafa moja moja, mpaka akabaki mzee mmoja asiyesikia vizuri, na yeye alipokanyagwa mguu akaacha.

Uwanja ukanyamaza. Kwa nini ulinyamaza, mpaka leo hakuna aliyeeleza sawasawa. Wapo wanaosema watu walishikwa na aibu, maana hawakuwahi kuombwa kitu na hawakujua kinavyojibiwa. Wapo wanaosema walidhani ni mtego. Wengine wanasema watu walikuwa wanafikiria tu, na jambo kubwa halitaki haraka. Waziri wa Afya, ambaye hakuweza kuinuka kwa sababu zinazojulikana, alipunga mikono miwili kutoka kwenye kiti chake, huku akilia. "Semeni ndiyo! Semeni nenda! Jamani, watu wazima nyie!" Wakamtazama na yeye. Kina mama walirekebisha kanga zao. Wafagizi wa barabara, waliokaa huko juu kwenye jua, walikunja mikono vifuani.

Sikudhani alimtazama Mlezi Mkuu. Nishani zilikuwa zinatetemeka. Chini ya lile koti jeupe palikuwa na mzee amebanwa, hakuna zaidi, na yeye Sikudhani alikuwa anasomea kuwafungua wazee waliobanwa. Alikuwa mwananchi pia. Sauti moja ikianza, nyingine zingefuata. "Nenda, mzee" lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ulimi, limekaa hapo, la moto. Akageuka kutafuta uso wa baba yake kwenye mstari wa askari. Koplo Ndaro alikuwa kifua mbele, macho mbele, na jicho moja, kinyume cha amri zote za Kikosi cha Kusimama, lilikuwa limegeuka linamtazama bintiye.

Sikudhani akaubana ulimi kwa meno.

Mlezi Mkuu akasubiri. Akainamia kipaza sauti tena, karibu kabisa, na safari hii hakutaja cheo hata kimoja.

"Jamani," alisema. "Naombeni."